Suruali ya refa: mapitio ya fundi wangu wa Magomeni

Nimechezesha ngumi za ridhaa kwa miaka sita, na minne ya kwanza nilivaa suruali za wanaume. Nalitanguliza hilo ili msomaji aelewe kwa nini naandika maneno mengi hivi kuhusu fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima mwenye kibanda Magomeni, nyuma ya maduka ya vyombo. Kabla ya kukutana na mimi hakuwahi kukaribia ulingo. Amenishonea suruali tatu, mashati manne na tai mbili. Nampa nyota nne kati ya tano, na ile iliyobaki nitaieleza, maana haikupotea bure.

Sheria ya mavazi ya refa wa ridhaa ni fupi. Shati jeupe, suruali nyeusi, tai ya kipepeo, viatu vyepesi visivyo na kisigino. Saa, pete, bangili na miwani vinabaki mezani, kwa sababu chuma na kioo vinaweza kumchana bondia. Glovu nyembamba za mpira, zile za hospitali, zinaruhusiwa, na mimi sipandi bila hizo. Mchana nauza dawa, kwa hiyo damu ya mtu naijua ni kitu cha kuheshimu.

Hakuna mahali sheria inaposema suruali ikatwe kwa mwili wa nani. Ukienda Kariakoo ndipo unapopata jibu. Suruali nyeusi za kiume zimejaa tele, lakini ikinitosha mapajani inapwaya kiunoni hadi ngumi mbili zinaingia, na ikinikaa kiunoni siwezi kupanda ngazi za ulingo. Za kike za ofisini nazo zimeshonwa kwa mtu wa kukaa kwenye kiti. Zimebana, kitambaa chake chepesi, mifuko yake ni ya uongo, na wakati mwingine zipu iko ubavuni. Refa hakai. Ulingo ukiwa na mita 6.10 kila upande ndani ya kamba, unatembea kinyumenyume, unazunguka kwa ubavu, hutakiwi kuwapa mabondia mgongo, halafu ghafla unaingia katikati ya watu wawili waliokumbatiana. Unafanya hivyo kwa dakika tisa kila pambano, na kwa siku moja naweza kuchezesha mapambano saba. Nilipokuwa napigana mwenyewe, sisi wanawake tulicheza raundi nne za dakika mbili. Sasa wakubwa wanacheza tatu za dakika tatu, sawa na wanaume, na refa anahesabu hiyo dakika ya ziada kwenye magoti yake.

Kilichonipeleka kwa fundi ni jambo lililonipata katika mashindano ya vijana, ukumbini, Jumamosi ya mvua. Bondia wa kona nyekundu alipigwa mkono wa kulia akaenda chini. Nikamwelekeza mwenzake kona ya mbali, nikainama kumhesabia. Nilipofika nne, mshono wa nyuma wa suruali yangu ulifumuka kutoka msambani hadi karibu na mkanda. Nilisikia sauti yake. Na ukumbi ulisikia, kwa sababu mtu akiwa chini ukumbi hunyamaza. Kisha wakacheka.

Nilihesabu mpaka nane. Kijana akasimama, nikamtazama macho, nikafuta glovu zake kwenye shati langu, nikawaambia waendelee. Zilibaki sekunde arobaini za raundi ile, nami nilizicheza nikiwa nimebana miguu. Hapo ndipo inaponiuma mpaka leo. Katika zile sekunde arobaini sikusimama nilipotakiwa kusimama. Nilitafuta mahali pa kuficha mgongo wangu, na kijana aliyekuwa ametoka kuhesabiwa akala ngumi mbili za kichwa ambazo refa aliye mahali pake angeziona mapema. Hakuumia. Lakini mimi najua kwamba kwa sekunde zile alikuwa ulingoni bila refa. Mapumziko yalipofika mwenzangu mmoja alinipa koti lake nilifunge kiunoni, na pambano lililofuata akachezesha mtu mwingine.

Wiki iliyofuata nilikwenda Magomeni kuchukua sare ya shule ya mtoto wa dada yangu. Fundi alikuwa anavuta uzi kwenye sindano ya cherehani. Nikasema shikamoo mama, naye akaitikia marahaba mwanangu, sare iko tayari. Nikasimama tu. Akaniuliza kama kuna jingine.

"Nataka suruali ya urefa, mama."

"Refa wa mpira?"

"Wa ngumi."

Akaacha uzi. "Wanaume wanapigana, na wewe uko katikati?"

"Na wanawake wanapigana, mama. Nami niko katikati vilevile."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, si kwa kushangaa, bali kama fundi anavyotazama mwili. Kisha akasogeza meza ya kupigia pasi, akafagia vipande vya vitambaa kwa mguu, akasema, "Haya. Simama hapo unionyeshe kazi yako. Nikikupima umesimama, nitakushonea suruali ya kusimama."

Nimepimwa na mafundi wengi. Wote wanafanya haraka: kiuno, nyonga, urefu, njoo Alhamisi. Mama huyu alinichezesha pambano zima mle kibandani. Nilizunguka kinyumenyume kati ya cherehani na mlango. Niliwagawanya mabondia wawili wasioonekana, mkono mmoja juu, mmoja chini, nikasema "breki" kwa sauti ya kazini mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Kisha akaniambia nimhesabie mtu aliye chini. Nikapiga goti nusu, nikanyosha mkono, nikaonyesha vidole kimoja kimoja. "Kaa hapohapo," akasema. Akachukua futi akanipima nikiwa nimeinama vile, kuanzia mkanda wa mbele, kupita msambani, hadi mkanda wa nyuma. Akaandika kwenye daftari. Kisha akanipima nimesimama. Tofauti ilikuwa inchi tatu na nusu. Akaigonga ile namba kwa chaki akasema, "Hii ndiyo iliyopasuka."

Suruali aliyonishonea ina kipande cha pembe nne msambani, kama kile wanachoweka kwapani mwa kanzu ili mtu aweze kuinua mikono. Ndiko alikokitoa. Alishona kanzu miaka mingi, akasema mwili ni mmoja, unataka nafasi pale unapokunjika. Kitambaa ni kizito kiasi, cheusi tii, kinavutika kidogo kwa upana wala hakivutiki kwa urefu, kwa hiyo hakitoki magoti hata jioni. Kiuno ni bapa kwa mbele na kina mpira kwa nyuma, na nyuma kimepandishwa inchi moja zaidi ili mgongo usionekane nikiinama. Miguu inapungua kuelekea chini bila pindo la kugeuza nje, maana pindo hilo hukamatwa na kiatu cha bondia. Mshono wa ndani umepigwa mara mbili, kisha ukapigwa ovaloki.

Kuna jambo moja nililomwambia kwa kupita tu, kwamba refa havai kitu cha chuma. Sikufikiria kwamba angelichukulia kwa uzito. Nilipokwenda kujaribisha nikakuta zipu ya plastiki, na mahali pa kulabu ya kiunoni ameweka kifungo cha plastiki kilichofunikwa kwa kitambaa. Hata mkanda alinishauri niuache, kwa sababu ya kichwa chake cha chuma. Mimi niliyefanya semina na mtihani wa sheria nilikuwa nimevaa mkanda wenye bamba la chuma kwa miaka minne, na hakuna aliyewahi kunikataza. Mfuko ni mmoja, mdogo, upande wa kulia kwa nyuma, una kifuniko. Ndimo inamokaa jozi ya pili ya glovu za mpira.

Mashati yana hadithi ndefu zaidi, na humo ndimo nyota ilimopotea.

Shati la refa wa kike lina shida tatu. Mkono ukiinuka juu kutangaza mshindi, shati linachomoka. Mabondia wakikumbatiana nawe ukiingia katikati, vifungo vinakwaruza uso wa mtu. Na jasho likishuka, nguo nyeupe inakuwa kioo. Mbili za kwanza alizimaliza mara moja. Kwapani aliweka kipande kilekile cha pembe nne, mkia akaurefusha, na ndani ya kiuno cha suruali akashona utepe wa mpira wenye ukakasi unaoshika shati lisipande. Vifungo akavifunika kwa ulimi wa kitambaa, hivyo mbele ni laini kabisa. Ile shida ya tatu hakuiona. Kitambaa cha shati la kwanza kilikuwa chepesi mno, na katika pambano la tatu la siku hiyo nilikuwa naomba raundi iishe. Nilivaa fulana juu ya sidiria kuanzia hapo, katika joto la Dar es Salaam, mpaka shati la pili. Shati la pili nalo kola ilibana baada ya kufuliwa, kwa sababu hakukilowesha kitambaa kabla ya kukata. La tatu na la nne ni poplini nzito, iliyoloweshwa, na hayana kasoro. Kwa hayo mawili hakunidai fedha ya kushona, nilinunua kitambaa tu. Lakini msomaji anayekwenda kwake aseme tangu mwanzo: poplini nzito, na kiloweshwe.

Jingine ni tarehe. Aliposema Alhamisi, hakusema Alhamisi ipi. Suruali ya kwanza ilichelewa siku tisa, na katika siku hizo kulikuwa na mashindano ambayo nilikwenda na suruali ya zamani iliyoshonwa kwa mkono, nikiwa na hofu muda wote. Nilimweleza kwa adabu, akaomba radhi, akasema msimu wa shule ulimzidia. Ni kweli, Desemba na Januari usimpelekee kazi kama hii. Tangu siku hiyo namtajia tarehe ya mashindano badala ya tarehe ya kuchukua nguo, naye anahesabu mwenyewe kurudi nyuma. Hajachelewa tena.

Bei: suruali pamoja na kitambaa nililipa shilingi 48,000, shati 35,000, tai 7,000. Si rahisi kwa mtu wa ridhaa. Posho yangu ya siku ile niliyovaa seti mpya kwa mara ya kwanza haikufikia bei ya shati. Anapokea kwa awamu mbili, anaandika kwenye daftari, risiti hatoi. Suruali ya kwanza ina miaka miwili kasoro, imefuliwa sijui mara ngapi, rangi imepauka kidogo magotini, mishono yote mizima. Za kiume nilizokuwa nanunua mitumbani Mchikichini kwa 12,000 nilikuwa nazibadilisha kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu damu, kwa kuwa nimeulizwa na wenzangu: maji baridi mara tu unapovua, chumvi kidogo, kisha sabuni ya kipande. Ukitumia ya moto umeipika humo.

Wakati anashona suruali ya pili alianza kuniuliza maswali. Hawa wanawake wanaopigana wako wapi? Nikamtolea simu. Nilimwonyesha Fatuma Zarika wa Kenya, aliyekwenda Flint, Michigan, mwaka 2016 akamnyang'anya Alicia Ashley mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC, Baraza la Ngumi la Dunia. Nikamwonyesha Christine Ongare, aliyeleta shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast mwaka 2018. Nikamwambia habari za Elizabeth Andiego, aliyekuwa London mwaka 2012, michezo ya kwanza ya Olimpiki kuwa na ngumi za wanawake kwa medali. Mimi London niliitazama kwenye banda la video Manzese, wanawake tulikuwa wawili, wanaume thelathini. Nicola Adams wa Uingereza alipochukua ile dhahabu ya kwanza ya kilo 51, yule mwenzangu alinishika mkono mpaka ukaniuma. Nilianza mazoezi mwezi uliofuata.

Fundi alikuwa akisimamisha picha pale refa anapoinama. Akikuza kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa natazama ngumi, yeye anatazama nyonga na makwapa.

Nilipomsimulia kwamba mwaka 1977, Madison Square Garden, mwanamke aitwaye Eva Shain alikaa jaji katika pambano la Muhammad Ali na Earnie Shavers, wa kwanza wa jinsia yetu kuwa jaji wa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, swali lake la kwanza lilikuwa alivaa nini. Na si swali dogo. Kabla ya London kulikuwa na mjadala mrefu wa kuwavalisha mabondia wa kike sketi, ati watofautishwe na wanaume kwenye televisheni. Wakubwa wa ngumi walikuja kuamua iwe hiari, bukta au sketi. Nakumbuka hasira zangu wakati huo. Watu wanafanya mazoezi ya kukwepa ngumi, na mkutano unajadili urefu wa kitambaa. Kwa waamuzi hakuna aliyejadili lolote. Sisi tuliambiwa tu tuvae suruali nyeusi, tukaenda kununua za kaka zetu.

Fundi alisikiliza hayo mguu ukiwa juu ya kanyagio. Akasema, "Wangeniuliza mimi." Akaendelea kushona.

Siku niliyovaa seti kamili iliyokaa sawa, yaani suruali ya pili na shati la tatu, nilipangiwa wasichana wa kilo 51. Mmoja mrefu, anapiga jabu nzuri, ile ngumi ya kunyoosha mkono wa mbele, na kurudi nyuma. Mwenzake mfupi, mkali, anaingia ndani na kukumbatia. Hilo ni pambano gumu kwa refa, maana hupumziki. Raundi ya kwanza niliwagawanya mara kumi na moja, kaniambia mtunza muda baadaye. Raundi ya pili yule mfupi alipita chini ya jabu, akapiga ndoano ya kushoto, mrefu akakaa chini kwenye kona isiyo ya bondia yeyote. Nikaingia. Goti chini, mkono mbele ya uso wake, moja, mbili. Kofia ya kinga ilikuwa imemziba jicho la kushoto nikaisogeza. Tatu, nne.

Nilipotamka nne nilikumbuka. Mwili wangu ulikumbuka kabla ya akili. Nikasubiri ile sauti, haikuja. Tano. Nikarudi kwenye macho ya yule msichana, na hapo nikaona kitu ambacho kwa miaka minne pengine nilikuwa nakikosa kwa sababu sehemu ya akili yangu ilikuwa inalinda mshono: macho yake yalikuwa yananitazama lakini hayakuwa yananifuata. Nikasogeza vidole kushoto, yakabaki palepale. Sita, saba, nane, alikuwa amesimama, mikono juu, anasema niko sawa refa. Nikasimamisha pambano. Kona yake ilipiga kelele. Daktari akapanda, akamwangalia kwa kurunzi, akanigeukia akatikisa kichwa kukubali.

Msichana yule alipigana tena miezi miwili baadaye, akashinda.

Siwezi kudai suruali ndiyo iliyoona macho yale. Nasema nilikuwa pale mzima, akili yote. Mwamuzi wa kiume hupewa jambo hilo bure na mshona nguo yeyote mjini, hivyo halihesabu.

Baada ya mwezi nikampeleka kwa fundi mwenzangu mmoja, jaji, kisha mwingine. Mmoja ni wa taekwondo. Huko waamuzi wanavaa suti, na shida yake ilikuwa koti linalomkaba mabega kila anapoinua mkono kutoa onyo. Fundi alimpima mkono ukiwa juu. Mwingine ni dada wa Unguja, na kazi yake ndiyo ninayoisifu kuliko zote.

Zanzibar ngumi zilikuwa marufuku tangu enzi za Mzee Karume, mpaka zikaruhusiwa tena mwaka 2022 chini ya Rais Mwinyi wa huko, na Agosti 2023 watu wakajaa Uwanja wa Mao Zedong kutazama. Kizazi kizima cha visiwani hakikuwahi kuona ulingo nyumbani. Sasa wapo wasichana wanaofanya mazoezi, na tangu mwaka 2019 sheria za kimataifa za ridhaa zinamruhusu bondia wa kike kuvaa hijabu na kufunika mwili wote. Lakini dada huyu hakuwa bondia. Alitaka kuchezesha, na hijabu yake ilishikwa na pini tano. Pini ni chuma. Mara mbili alikuwa ameambiwa achague kati ya pini na ulingo, na akabaki meza ya majaji.

Alikuja na boti ya asubuhi, tukaenda Magomeni pamoja. Fundi alimuuliza mambo ambayo mimi nisingethubutu kuuliza: nywele zake nyingi kiasi gani, anazifunga juu au chini, anatokwa jasho wapi, anataka shingo ifunikwe mpaka wapi. Akamwambia avue ile hijabu nyuma ya pazia wakiwa wawili, mimi nikangoja nje na juisi ya miwa. Alichoshona ni kama kofia ya kitambaa cha fulana, nyeusi, vipande viwili. Cha ndani kinakaza nywele. Cha nje kinashuka shingoni na kuingia chini ya kola ya shati, kisha kina mikia miwili mifupi inayofungwa kwa vifungo bapa mgongoni, ndani ya shati. Hakina pini hata moja. Bondia akikivuta kwa bahati mbaya hakitoki, na masikio yanasikia kengele, kwa sababu pale penye sikio aliweka kitambaa chembamba zaidi. Hilo la masikio alilifikiria mwenyewe. Mimi na yule dada tulikuwa tumelisahau wote wawili.

Kazi hiyo alitoza 15,000. Nilimwambia ni ndogo mno. Akasema mara ya kwanza anajifunza, mara ya pili atatoza sawasawa.

Nimemwona yule dada akichezesha Unguja, mapambano manne mfululizo, wawili kati ya mabondia wale wakiwa wanaume wa kilo zaidi ya 80. Wale wenye kufikiri refa wa kike ni wa mapambano ya kike tu, waende wakaone. Wanaofuatilia ngumi za kulipwa hapa nyumbani wanamjua refa Pendo Njau na hawahitaji kuelezwa. Kwa ridhaa bado tuko wachache, na kazi inaongezeka. London kulikuwa na uzani tatu za wanawake na kumi za wanaume. Los Angeles mwaka 2028 zitakuwa saba kwa saba. Wasichana wa kuzijaza wapo mazoezini sasa hivi, Manzese, Mabibo, Temeke. Mtu wa kuwahesabia naye anatakiwa awe na kitu cha kuvaa.

Mwaka huu fundi alikuja kututazama kwa mara ya kwanza. Nilimtafutia kiti mstari wa pili. Alikuja na khanga mpya na mjukuu wake, na katika raundi za kwanza alifunika macho kila ngumi ilipofika. Kufikia pambano la nne alikuwa amesogea mbele ya kiti. Tulipomaliza nilikwenda kumsalimia nikitegemea aniambie habari za mabondia. Akanishika kiuno mbele za watu, akavuta kitambaa upande wa kulia, akasema, "Umepungua, mwanangu. Hapa panapwaya. Niletee Jumatatu."

Nilimpelekea Jumatatu. Alipunguza nusu inchi, hakunitoza.

Kwa anayetaka kwenda: anafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hayupo. Mpe wiki tatu. Nenda na viatu vyako vya ulingoni, hapimi urefu wa suruali mpaka uvivae. Na uwe tayari kuchutama, kuruka na kuhesabu mpaka nane kwa sauti mbele ya wateja wengine, kwa sababu bila hivyo hatakata kitambaa.